Haidrojeni Imekaa Mbele

Jumatatu, 3 Februari

Siku mbaya. Naandika nikiwa maabara, kipindi cha mwisho sina darasa. Mabeseni yote manne yanavuja, chini kuna ndoo. Tik, tik, tik. Hata fikra haitulii.

Nilirudisha majaribio ya wiki iliyopita. Swali la tano: kaboni moja imeshika vitu vinne — bromini, klorini, florini, haidrojeni. Je, mpangilio wake ni R au S? Mada hii nimeifundisha mwaka wa tatu sasa, tangu mwalimu wa kemia aondoke na mkuu aniite ofisini: mwalimu, wewe ni wa bayolojia, kemia ni jirani yako, tusaidie. Jirani! Jirani ambaye hata chumvi hatujawahi kuombana.

Ninavyofundisha mimi: vipange vile vinne kwa namba ya atomu. Mkubwa wa kwanza, mdogo wa mwisho. Chora mshale kutoka wa kwanza kwenda wa pili, kwenda wa tatu. Ukizunguka kama mishale ya saa, R. Ukizunguka kinyume, S. Haidrojeni ndiye mdogo, mwache alipo. Basi. Rahisi kama kumsukuma mlevi.

Kuna msichana anakaa dirishani, darasa zima wanamwita Wakili kwa sababu haachi neno lipite. Alikuja mbele na karatasi yake. Ameandika S, nimemkosesha. Akasema kwa adabu zote:

"Mwalimu, lakini hii haidrojeni imekaa mbele."

Nikamwambia mbele au nyuma, mshale unazunguka kama saa, jibu ni R, akakae. Hakuondoka. Nikamwambia kama anataka kufundisha, chaki ile pale. Darasa likacheka. Akaenda kukaa. Hakununa. Ndicho kilichoniudhi zaidi — hakununa.

Nina wasiwasi. Sijui kwa nini. Ni mtoto tu yule.

Jumanne, 4 Februari

Najua kwa nini.

Nimefungua kitabu. Kile kinene alichokiacha mwalimu wa kemia, ambacho kwa miaka mitatu nimekuwa nikisoma kurasa ninazozihitaji na kukifunga upesi, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake anavaa. Leo nilifunua ukurasa mmoja zaidi. Mmoja tu! Ukurasa mmoja mbele ya pale ninapoishia siku zote.

Niandike hapa, labda kichwa kitashika. Mchoro ni bapa, lakini kitu chenyewe si bapa. Kabari nyeusi maana yake mkono ule unakuja kwako, unatoka kwenye karatasi. Kabari ya vistari inakwenda nyuma ya karatasi. Mstari mwembamba umelala kwenye karatasi yenyewe. Na vitu vinne vilevile vinaweza kushikwa kwa namna mbili, zikafanana kama kiatu cha kulia na cha kushoto: ngozi ileile, soli ileile, na huwezi kuvaa kimoja mahali pa kingine. Kujua umeshika kipi, lazima kwanza yule mdogo wa mwisho awe nyuma, mbali nawe. Hapo ndipo usome mshale. Akiwa mbele, unachokiona ni kinyume cha ukweli. Kama kusoma maandishi ya kioo cha duka ukiwa ndani.

Kwa hiyo S. Wakili alikuwa sahihi, na mimi nilimpa chaki mbele ya wenzake.

Nimepekua maelezo yangu. Mifano kumi na miwili. Yote kumi na miwili, haidrojeni iko nyuma. Bila kujua nilichagua ile isiyonisumbua. Na majaribio nilikuwa nasahihisha kwa kichwa changu mwenyewe, hakuna wa kuniuliza.

Miaka mitatu. Madarasa mawili yameshapita mikononi mwangu. Sitaki kuhesabu watu leo.

Jumatano, 5 Februari

Nimesema uongo darasani. Niuandike kama ulivyokuwa, maana humu hakuna wa kumdanganya.

Niliingia, nikaandika ubaoni swali la tano, nikasema kuna kosa la uchapaji kwenye kitabu nilichotumia, jibu sahihi ni S, waliopata S waje niwaongezee alama. Alikuja mmoja tu. Nikamwongezea. Akasema ahsante mwalimu. Wala hakuuliza kitabu gani. Aliniangalia tu, kidogo, kama mtu anayesoma saa ya ukutani na kugundua imesimama.

Nikaendelea: haidrojeni ikiwa mbele, soma kisha geuza jibu. Wakaandika. Nikashusha pumzi. Nimeshapata dawa, nikajisemea.

Dawa gani! Kijana wa nyuma akanyoosha mkono: na ikiwa si mbele wala nyuma? Ikiwa kwenye mstari mwembamba, pembeni?

Kengele ikaniokoa. Sijawahi kuipenda kengele kiasi hicho.

Nimekaa maabara saa nzima na swali lile. Haidrojeni imelala kwenye karatasi, inaelekea juu. Bromini inakuja kwangu, klorini inakwenda nyuma. Niitazame kutoka chini? Nikijaribu kuigeuza kichwani, inageuka kidogo kisha inaporomoka yote. Nikishika bromini, klorini inapotea. Nikiifuata klorini, narudi na bromini imehama. Kama kubeba mayai bila kikapu.

Kitabu kinasema: fikiria umesimama upande wa pili. Nimesimama wapi kwanza?

Alhamisi, 6 Februari

Malimau manne na vijiti vya meno. Limau kubwa katikati, viazi vidogo vitatu na punje ya mahindi. Nimefanya maswali kumi ya mwisho wa sura. Nimepata manne. Kwa kubahatisha bila kusoma ningepata matano!

Baba watoto kaingia jikoni, kauliza kama malimau yanaumwa, mbona yamechomwa sindano. Sikucheka. Akaondoka na chai yake taratibu.

Kuna hila nimeiona kwenye kitabu: badilisha nafasi za wawili, haidrojeni aende nyuma, soma, kisha geuza jibu. Nikabadilisha. Nikasahau kama nimeshageuza. Nikageuza tena. Mwisho wa yote herufi inayoelekea kulia, ndiyo R, imenifanya nilie kweli. Kulia na kulia. Huyo aliyetoa neno moja kwa vyote viwili alikuwa anasoma kemia.

Ijumaa, 7 Februari

Fundi wa mabeseni amekuja hatimaye. Mkuu aliniambia ametafuta fundi bomba anayeaminika, nikamkuta Koki amelala chali chini ya meza ya kwanza, miguu nje. Mdogo wangu! Hakuniambia. Alisema alitaka kunishtua.

Koki ni mdogo wangu wa mwisho. Jina hilo amepewa mtaani kwa kazi yake. Nyumbani tulikuwa na majina mengine. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mbele ya wageni: huyu dada yao ana kichwa, huyu ana mikono. Na akikasirika alimwita kichwa maji. Koki mwenyewe husimulia hadi leo na kucheka — kichwa maji, na sasa maji ndiyo yanayomlisha. Aliacha shule mapema, hakuna aliyemzuia. Mimi nikaendelea.

Tulikula mchana pamoja kwenye ngazi za nyuma. Nikamuuliza habari za binti yake. Akasema yupo tu nyumbani, anasubiri, ameleta fomu ya kurudia mtihani, inataka sahihi ya mzazi. Hajaamua.

Nikaurudisha mkate kwenye karatasi yake.

Binti yake alikuwa darasani kwangu mwaka jana. Dawati la pili kutoka mbele. Alikuwa haniiti shangazi shuleni, ananiita mwalimu kama wenzake, kisha tukifika njiani ndiyo shangazi. Alitaka kusomea ufamasia. Matokeo yametoka wiki tatu zilizopita: masomo mengine yote vizuri, kemia imepungua daraja moja. Daraja moja! Nilikwenda kumpa pole. Nilimwambia — mimi, kwa mdomo huu — kwamba labda hakuyapitia maelezo yangu vya kutosha.

Na mtihani wa mwaka jana ulikuwa na swali la R na S. Nakumbuka, nililisoma baadaye nikafurahi: nimewafundisha hili. Nimelitafuta leo kabatini. Sehemu tatu. Haidrojeni nyuma, moja. Haidrojeni mbele. Haidrojeni pembeni.

Koki alisema, huku akikung'uta makombo, kwamba hanilaumu. Shangazi yake alimfundisha vizuri, akasema, ni kichwa tu.

Jumamosi, 8 Februari

Ndefu leo. Mchana, maabara, tukiwa wawili tu.

Koki alikuwa na mabeseni mawili yaliyobaki, mimi nina ufunguo, nikaenda naye. Yeye chini ya meza, mimi juu yake na malimau yangu mapya. Maswali kumi. Nimepata matatu. Narudi nyuma! Nikalitupa limau likagonga kabati la vioo. Koki akatoa kichwa, akauliza limekukosea nini.

Nikamweleza. Sijui kwa nini, labda kwa hasira tu. Sikumtajia kemia, nilisema ni fumbo: kitu cha katikati, vinne vimeshikwa, lazima yule mdogo awe mbali nawe, kisha useme wale watatu wanazunguka upande gani. Akasema malimau hayafai, yanateleza. Akachukua kizibo cha mpira cha maabara, akakichoma nyaya nne, akazipanua zikae mbalimbali sawasawa. Kwenye ncha akaweka vipande vya bomba, kila kimoja na unene wake — inchi moja, nusu, robo, na kajimrija kembamba ka mwisho. Mkubwa wa kwanza, mdogo wa mwisho. Hakuna haja ya kukumbuka majina! Nimefundisha miaka mitatu na sikuwahi kufikiria hilo.

Akakiweka mezani. Kajimrija kameelekea dirishani. Mimi nikaanza kukigeuza kwa mkono. Akanishika kiganja.

"Dada, usikiguse. Bomba halikuzungukii wewe. Limeshajengewa ukutani. Wewe ndiye unayeinama."

Akanishika mabega, akanizungusha meza hadi nikasimama mlangoni. Kajimrija sasa kanakwenda mbali nami, kuelekea dirishani. Na ile mitatu ilikuwa inanijia, imechanua kama mafiga. Akasema huo ni usukani. Shika. Inchi moja, nusu, robo — unakata kulia au kushoto?

Nikaona. Nakata kushoto. S.

Akakihamisha. Kajimrija juu, kanaelekea darini. Nikasimama kama mjinga. Akacheka, akapiga magoti, akaniashiria nami nipige. Tukachungulia kutoka chini ya meza, ndugu wawili watu wazima, sakafu imelowa. Kulia. R. Akakihamisha tena. Kanaelekea kwangu, kwa hiyo nikazunguka hadi upande wa pili. Sikugeuza jibu. Sikukumbuka hila yoyote. Nilikwenda tu mahali pa kusimama.

Kisha nikamwonyesha michoro kitabuni, nikamweleza kabari nyeusi na ya vistari. Akaiangalia kama ramani ya nyumba. Maswali kumi. Alipata kumi! Hajui kaboni ni nini. Ananyoosha kidole: hapa nasimama juu, hapa nasimama kushoto, hapa sina haja ya kusogea. Mimi nilipata saba, na kwa kila moja nilikuwa nainuka kwenye kiti, nikizunguka hewa.

Nilikasirika. Lazima niandike. Badala ya kufurahi niliona wivu wa kitoto kabisa. Mimi ndiye mwenye kichwa.

Halafu akauliza, akifuta mikono: hii ndiyo mliyosoma darasani? Nikasema ndiyo. Ile ya mtihani? Nikasema ndiyo, mojawapo. Akakiangalia kile kizibo.

"Kumbe ni rahisi hivi," akasema. "Sasa mbona mwanangu imemshinda?"

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa hapo, wazi, kama mlango. Nikasema mtihani una mambo mengi. Akaitikia kwa kichwa, akaingia tena chini ya meza.

Jumapili, 9 Februari

Nimefua mapazia yote. Hayakuwa machafu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimewaambia.

Nilibeba kizibo cha Koki hadi darasani, nikakiweka kwenye meza katikati, nikasukuma madawati kando. Kabla sijaanza nikasema: hakukuwa na kosa la uchapaji. Kosa lilikuwa langu. Sikuwa naelewa na nimekuwa nikifundisha nusu ya sheria. Nilidhani sauti itakatika, haikukatika. Nilidhani watacheka, hawakucheka. Walikuwa wanangoja nimalize ili waje kukigusa kizibo. Vijana! Mimi sikulala vizuri siku saba, wao imewachukua nusu dakika.

Nikawazungusha meza. Kila mmoja asimame mahali pake, aseme anakata kulia au kushoto. Waligombana, wakakanyagana, wawili wakalala chini ya meza na sare zao. Yule kijana wa nyuma aliyeuliza kuhusu pembeni alipata yote. Wapo watatu hawaoni kabisa, kama mimi wiki iliyopita. Nikawaambia wasikigeuze kichwani, wainuke. Mmoja akaelewa. Wawili bado, na nilijikuta nikitaka kukasirika nao. Watu tunasahau upesi.

Nikamwita Wakili mbele, nikamwomba radhi kwa ile chaki. Mbele ya wote. Akaona haya, akaangalia viatu.

Kipindi kilipokwisha alibaki nyuma anapanga daftari zake polepole mno. Nikajua kuna neno. Akasema:

"Mwalimu, na wale wa mwaka jana wameambiwa?"

Nikamwambia achelewe tu, mwenzake anamngoja nje. Nilitaka kusema asichelewe. Maneno yalitoka kinyume.

Jumanne, 11 Februari

Koki amemaliza. Mabeseni hayavuji hata tone. Maabara imekuwa kimya hadi inatisha.

Nilikwenda pale makusudi nimwambie. Nilijipanga njiani, sentensi tatu tu. Nikamkuta ameshaanza kuongea yeye. Ameamua, hataweka sahihi. Amezungumza na fundi cherehani wa mtaani kwao, binti ataanza kujifunza kushona mwezi ujao.

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Alisema kwa upole, anafunga koki ya mwisho, kwamba alifikiri sana tangu Jumamosi. Kama jambo lenyewe linaeleweka kwa dakika kumi kwa mtu aliyeacha shule kama yeye, chini ya meza, na sakafu imelowa — na mtoto alikaa nalo mwaka mzima, na mwalimu ni shangazi yake, likamshinda — basi asimdanganye. Hana kichwa. Si kosa lake, akasema, kanirithi mimi. Bora aambiwe mapema na mtu anayempenda. Yeye hakuambiwa kwa upendo.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Akaniomba spana namba kumi na tisa iliyokuwa karibu na mkono wangu. Nikampa spana.

Ni mimi niliyemsadikisha. Nilijifunza kwake kile nilichomnyima mtoto wake, na kwa kunifundisha akapata ushahidi dhidi ya mtoto huyohuyo. Kila nikiligeuza jambo hili, upande wowote nitakaosimama, linasomeka vilevile.

Fomu zinafungwa Ijumaa.

Jumatano, 12 Februari

Maswali kumi, kumi. Bila kuinuka kwenye kiti. Mengine kumi ya sura ya pili, tisa. Nimeelewa kabisa.

Sina hata raha. Nimechana karatasi yenyewe.

Mkuu amenipongeza ukumbini kwa mabeseni.

Alhamisi, 13 Februari

Naandika nikiwa sebuleni kwa Koki. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Nilitoka shule saa tisa na nusu, nikaja moja kwa moja, sikupitia nyumbani, nikijua nikipitia sitatoka tena. Koki alikuwa ndiyo kwanza anatoka kazini, amejaa udongo hadi nyusi. Akafurahi kuniona. Akasema anaoga upesi, nisiondoke, kuna chai.

Binti yake alikuwa mezani anasoma. Akasimama, shikamoo shangazi. Marahaba. Akanivutia kiti kizuri, kile kisichocheza. Nikaona anachosoma. Daftari la mwaka jana. Maelezo yangu, mwandiko wake mzuri, vichwa vya habari vimepigwa mstari kwa rula. Haidrojeni ndiye mdogo, mwache alipo. Ameandika neno kwa neno. Na pembeni, kwa penseli, ndogo sana: si kweli akiwa mbele.

Nikamuuliza ameandika lini.

Akalifunga daftari. Kisha akalifungua tena, naona aliona haina maana. Akasema siku ile ile ya mtihani. Walipotoka, wenzao wa shule nyingine walikuwa wanabishana nje, wote wanasema S, yeye peke yake R. Akaenda maktaba jioni ile akasoma. Ukurasa unaofuata, shangazi, akasema. Anaujua ukurasa wenyewe.

Miezi mitatu tangu mtihani. Nilikuja hapa kumpa pole, nikamwambia hakuyapitia maelezo yangu, naye alikuwa anajua. Akanimiminia chai siku ile. Nakumbuka aliniuliza sukari.

Akasema, haraka, kama mtu anayetaka kunisaidia kubeba mzigo, kwamba labda si swali lile tu. Labda alikosea na mengine. Hana hakika. Nililidaka neno hilo kama mtu anayezama — labda mengine — nikalishika kwa muda, hata sasa naliona lilivyo zuri. Nimeliachia. Hatutajua. Ninachojua ni zile sehemu mbili.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia baba yake, hata baada ya habari ya cherehani. Alikuwa anachezea kona ya daftari.

"Ningesema mimi, ingekuwa nimekushtaki," akasema. "Nilikuwa nakusubiri wewe."

Hakusema kwa ubaya. Kwa ubaya ingekuwa nafuu.

Fomu iko hapa mezani. Ameijaza yote kwa wino mweusi, imebaki mistari miwili ya chini, sahihi na tarehe. Alitaka kwenda jikoni kuandaa chai, nimemwambia aiache, akae hapa hapa nami. Amekaa. Ameweka mikono mapajani. Hanitazami, anatazama mlango wa bafu.

Muda wote huu maji yanamwagika kule ndani na Koki anaimba wimbo asiojua maneno yake. Nimejaribu kuanza mara tano hapa kichwani. Nikianza na samahani, ataniwahi, atasema hakuna samahani kati yetu, na nitamwacha aseme. Nikianza na kizibo, atacheka. Nianze na nini? Na mwaka jana. Nianze na mwaka jana, dawati la pili kutoka mbele, ubaoni niliandika nini. Na nisimwite Koki. Nimwite lile jina la nyumbani, alilozaliwa nalo.

Maji yamefungwa. Nasikia ndala zake.